Tamko Kuhusu Tafiti za Machaguo ya Wanunuzi

Sisi wanachama wa chama cha watafiti wa masoko na wanatakwimu tunatoa tamko hili kwa kampuni, wizara na mashirika yanayotupa kazi, pamoja na wenzetu wa fani.

Ripoti nyingi hujisifu kwa idadi ya wahojiwa. Idadi haiponyi mpangilio mbovu. Chukua unga wa mahindi: dodoso likiweka sembe kwa bei ya juu na dona kwa bei ya chini katika kila kadi anayoonyeshwa mhojiwa, hakuna atakayejua kama mnunuzi ameikimbia bei au ameifuata dona. Ukihoji watu 200 hutajua. Ukihoji 5,000 hutajua vilevile, ila fedha zitakuwa zimekwisha.

Dawa ipo, nayo ni kuzipanga sifa zisiende pamoja; wala si ngeni. Ronald Fisher alichapisha kitabu chake cha usanifu wa majaribio mwaka 1935, baada ya miaka mingi ya kazi katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza. Mwaka 1974 Daniel McFadden alionyesha namna ya kuchambua machaguo ya watu, kazi iliyomfanya ashiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2000.

Turudi kwenye unga: bei, ukoboaji, ukubwa wa mfuko na virutubisho, kila sifa ikiwa na viwango vitatu, huzaa michanganyiko 81. Nani atasimama sokoni kuipima yote? Kadi 9 zinatosha kukadiria athari ya kila sifa peke yake, mradi kila kiwango cha sifa moja kikutane mara moja na kila kiwango cha nyingine. Uchache huo una gharama: kama bei huwauma zaidi wanunuzi wa mfuko mkubwa, kadi 9 hazitakuonyesha. Anayetaka jibu hilo aongeze kadi mapema.

Kwa hiyo tumeazimia kwamba mwanachama hatapeleka dodoso uwandani kabla ya kulijaribu kwa wahojiwa wachache, na makadirio ya jaribio hilo yatumike kupanga seti za mwisho za kadi, ili mhojiwa asikutane na chaguo lililo bora waziwazi kuliko mwenzake. Kila seti iwe na nafasi ya kujibu "sinunui", maana dukani halazimishwi mtu. Jedwali la mpangilio liambatanishwe na ripoti, hata mteja asipoliomba. Na mteja akitaka sifa mpya iongezwe kadi zikiwa zimeshachapishwa, kazi ianze upya au isimame.

Limetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama.