TAHARIRI: BANGI NA MLANGO WA KAZI ZA USALAMA

Kila Jeshi la Polisi linapotangaza nafasi za ajira, vijana wa Kate na vijiji vingine vya Nkasi huhangaikia vyeti na barua za utambulisho. Mazungumzo huwa ni juu ya umri na urefu. Wachache husimama kwenye sharti jingine la tangazo: mwombaji awe hajawahi kutumia aina yoyote ya dawa za kulevya.

Hajawahi. Halikusemwa "hatumii". Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inaihesabu bangi miongoni mwa dawa hizo. Basi aliyevuta mara mbili akiwa na miaka 15 tayari amekwisha kuangukia humo.

Hatulipingi lengo. Mtu mwenye akili iliyofunikwa hakabidhiwi bunduki wala jalada la siri, na anayenunua kwa kificho yumo mkononi mwa aliyemuuzia. Lakini kipimo cha mkojo huonyesha matumizi ya siku au wiki za karibuni tu. Yaliyopita miaka mitano hujulikana kwa kumuuliza mwenyewe na wanaomfahamu. Matokeo yake mkweli aliyetubu hufungiwa mlango, na mwongo huvikwa sare!

Vitabu vya fiqhi vimelijadili jambo hili katika mlango wa ushahidi. Ushahidi wa fasiki haukubaliwi. Akitubu, mwenendo wake hutazamwa kwa muda, na wengi wa wanazuoni wa Kishafi wameuweka mwaka mmoja, ili misimu yote impitie. Nchini Marekani nako, Desemba 2021, Mkurugenzi wa Upelelezi wa Taifa aliziandikia idara za serikali kwamba matumizi ya bangi ya zamani yazingatiwe, ila yasiwe peke yake sababu ya kumnyima mtu kibali cha kushika siri.

Tunaiomba Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi iweke muda maalumu wa kuacha, pamoja na vipimo na ushahidi wa majirani waadilifu.

Ama kijana anayetuuliza ajibu nini, halazimiki kutangaza dhambi ambayo Mola wake amemsitiri. Akiulizwa na mwenye haki ya kuuliza, asidanganye. Na mzazi anayemnong'oneza, "Sema hapana tu, nani atajua?", anamtuma mwanawe akaapishwe kulinda sheria kwa ulimi ulioanza na uongo.