Wikipedia ya Kiswahili na hatari ya kujipigia debe

Mwenye kiwanda eneo la Nyakato, jijini Mwanza, akitaka kuisifu bidhaa yake, analo bango la barabarani, redio na gazeti. Hulipa, na msikilizaji hujua kuwa hilo ni tangazo. Wikipedia ya Kiswahili, kamusi elezo iliyoanzishwa mwaka 2003, huendewa kwa imani nyingine: kwamba aliyeandika hana masilahi yake ndani ya habari.

Imani hiyo imekwisha kufanyiwa biashara. Mwaka 2015 Wikipedia ya Kiingereza ilizifunga akaunti 381 za kundi lililopewa jina la Orangemoody. Kundi hilo liliwatafuta watu ambao makala zao zilikuwa zimekataliwa, likawatoza fedha ili zichapishwe, kisha likadai nyingine ili zisifutwe. Miongoni mwa waliolengwa nchini Uingereza alikuwamo mpiga picha za harusi, mtu wa kadiri ya wafanyabiashara wengi wa Nyakato.

Tangu mwaka 2014 masharti ya matumizi yanamtaka anayelipwa kuandika amtaje mlipaji wake. Sharti ni jema, ila hutegemea macho ya wengine. Upande wa Kiingereza una maelfu ya wahariri wa kujitolea. Wa Kiswahili wanaopitia mabadiliko ni wachache mno. Sifa za kiwanda zikiingizwa humo na karani wake mwenyewe, zaweza kukaa miaka, na mwanafunzi wa sekondari akazinakili daftarini kama elimu.