Maziwa ya Mtoto Njiti: Baba Naye Ana Wajibu

Miongoni mwa mitihani mizito inayoifikia nyumba ya Muislamu ni mtoto kuzaliwa kabla ya siku zake. Madaktari humwita njiti mtoto aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Mara nyingi huwa na uzito mdogo, hawezi kuhifadhi joto la mwili wake, na wengine hawana hata nguvu ya kunyonya. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wanafamilia hulijibu kwa haraka na kwa woga: je, mama akamue maziwa yake, au baba akanunue maziwa ya kopo?

Rai yetu katika jambo hili ni kama ifuatavyo. Mama akamue, na baba agharamie kukamua huko. Kopo na liwe la dharura, kwa maelekezo ya daktari, na lisigeuzwe njia ya mkato ya baba aliyekwepa wajibu wake.

Sharia yetu imemtambua njiti zamani. Katika Sura al-Ahqaf, aya ya 15, Mwenyezi Mungu (s.w.t.) ameutaja muda wa kubeba mimba pamoja na kuachisha ziwa kuwa ni miezi 30, na katika Sura al-Baqara, aya ya 233, ameutaja muda wa kunyonyesha kuwa ni miaka miwili kamili. Sayyidna Ali (r.a.) alizikutanisha aya hizi mbili, akatoa miezi 24 katika 30, ikabaki 6, na kwa hesabu hiyo akamtetea mwanamke aliyetuhumiwa kwa kuwa amejifungua baada ya miezi 6 tu ya ndoa. Na imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.) kwamba aliyezaliwa kwa miezi 9 anatoshelezwa na kunyonya miezi 21, aliyezaliwa kwa miezi 7 anyonye miezi 23, na aliyezaliwa kwa miezi 6 anyonye miezi 24 kamili. Tuizingatie hesabu hii: kadiri mtoto alivyopunguziwa siku tumboni, ndivyo alivyozidishiwa haki katika ziwa la mama. Sisi leo tunafanya kinyume. Mtoto aliyetimia tunamwacha anyonye, na njiti, ambaye ndiye mhitaji zaidi, tunamkimbilizia kopo.

Elimu ya tiba nayo inaelekea huko huko. Dang'a, yaani yale maziwa ya kwanza mazito yenye rangi ya njano, yana kinga ambayo kiwanda hakijaweza kuitengeneza. Utumbo wa njiti haujakomaa, na upo ugonjwa mbaya unaoushambulia utumbo huo hadi sehemu yake kuoza. Watoto wanaolishwa maziwa ya kopo huupata kwa wingi zaidi kuliko wanaolishwa maziwa ya mama zao. Tena maziwa ya unga si maziwa yaliyotakaswa na vijidudu vyote. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba unga huo uchanganywe na maji yenye joto lisilopungua nyuzi 70, kwa kuwa ndani yake huweza kuwamo vijidudu vinavyomuua mtoto mchanga. Basi na tujiulize: katika kijiji ambacho maji huchotwa mbali na kuni ni za kutafuta, ni nani atakayechemsha maji, kupima unga na kuosha chombo kwa usafi huo, kila baada ya muda wa saa mbili au tatu, usiku na mchana?

Hapa ndipo tunapowakuta watu wa wilaya yetu. Mtoto akizaliwa njiti katika zahanati au kituo cha afya cha Chemba, mara nyingi hupewa rufaa kwenda Dodoma mjini. Barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, iliyozinduliwa mwaka 2018, imeifupisha safari hiyo, lakini anayetoka Kwamtoro au Farkwa huanza na barabara ya vumbi kabla ya kuifikia lami. Mtoto anaweza kulazwa kwa wiki kadhaa. Siku za mwanzo jamaa hujaa, kisha nauli huisha, shamba la mtama na alizeti linaita, na baba husema: mama arudi nyumbani apumzike, tutaacha fedha za kopo. Baba huyo anadhani amefanya wema. Ukweli ni kwamba amemtenga mtoto na riziki yake, na maziwa ya mama asiyekamua hukauka ndani ya siku chache.

Katika baadhi ya nyumba hutolewa hoja ya arobaini, kwamba mzazi haifai kutoka nje kabla ya siku 40. Ndugu zetu, nifasi ina hukumu zake zinazojulikana katika sala, saumu na mengineyo, lakini hatujui katika hukumu hizo iliyo moja inayomfungia mama ndani na kumzuia asikae kando ya mwanawe mgonjwa. Wala maziwa hayanajisiki kwa nifasi. Hiyo ni ada, na ada ikigongana na uhai wa mtoto, ada ndiyo ya kuachwa. Vivyo hivyo tunawaonya wanaomfunga njiti hirizi badala ya kumkamulia maziwa, na wanaompa maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi kwa kuwa zizi liko karibu. Tumbo la mtoto huyo haliyawezi.

Kukamua kwenyewe hakuhitaji mashine. Pampu ikipatikana ni nyepesi, lakini mikono safi na kikombe safi chenye mdomo mpana vinatosha, na wauguzi hufundisha. Mama aanze ndani ya saa chache baada ya kujifungua, akamue mara 8 au zaidi kwa usiku na mchana, bila kuuacha usiku. Siku ya kwanza na ya pili yatatoka matone tu, na hapo ndipo mama mkwe na mashangazi husema kuwa mama hana maziwa. Wasiseme hivyo. Tumbo la njiti ni dogo mno, na matone hayo ndiyo kipimo chake. Mtoto asiyeweza kunyonya hupewa kwa mrija mwembamba unaopitishwa puani au mdomoni, kisha kwa kikombe kidogo, hadi atakapopata nguvu ya kulishika ziwa.

Na mama akiwa karibu hupata kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa njia iitwayo kangaroo, ambayo ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani na kuchapishwa mwaka 2021, ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano zilizoshiriki, uliwafuatilia watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Walioanza kubebwa hivyo mara tu baada ya kuzaliwa vifo vyao vilipungua kwa robo, wakilinganishwa na waliosubiri hadi hali zao zitulie. Kifua cha mama kina joto na kina maziwa, navyo vyote viwili havipatikani ikiwa mama yuko kijijini na mtoto yuko wodini.

Hata hivyo hatutaki maneno yetu yawe fimbo ya kuwapigia akina mama. Wapo wanaofariki katika uzazi, wapo wanaougua sana, na wapo waliojitahidi kukamua kwa siku nyingi na maziwa yasitosheleze. Daktari akiagiza maziwa ya kopo maalumu kwa njiti, na yatumike bila ya aibu wala lawama, kwa kipimo na usafi aliouelekeza. Mola wetu haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Na mama anayeishi na virusi vya UKIMWI asijikatie shauri peke yake. Akitumia dawa zake barabara huweza kunyonyesha, na wataalamu watamwongoza.

Kabla ya kulifikia kopo, ipo njia ya mnyonyeshaji mwingine, ambayo Qur'ani imeiruhusu na ambayo Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe aliipitia kwa Bibi Halima. Lakini tahadhari. Maziwa huleta undugu wa kunyonya unaoharamisha ndoa. Katika madhehebu ya Imam Shafi, yenye wafuasi wengi katika Afrika Mashariki, undugu huo huthibiti kwa manyonyesho matano ndani ya miaka miwili, na wanazuoni wengi wanayahesabu pia maziwa yaliyokamuliwa na kunyweshwa. Ndiyo maana benki za maziwa, ambamo maziwa ya wanawake wengi hukusanywa, zimezua ikhtilafu. Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliziruhusu katika mwaka 1983, na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah likazikataza katika mwaka 1985. Jirani zetu wa Kenya walifungua benki ya namna hiyo katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, mwaka 2019. Ushauri wetu ni kwamba anayetaka kumsaidia njiti wa mwenzake wodini kwanza aulizwe mkunga au daktari kuhusu afya yake, kisha majina ya familia zote mbili yaandikwe na yahifadhiwe, ili watoto wasije wakaoana bila ya kujua.

Sasa tunarudi kwa baba, kwani aya ile ile ya 233 iliyomtaja mama anayenyonyesha imemtwika baba chakula na mavazi ya mama huyo, na imekataza mzazi yeyote kudhuriwa kwa sababu ya mtoto. Serikali nayo imeliona jambo hili: marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 yamemwongezea likizo mfanyakazi aliyejifungua njiti. Lakini mke wa mkulima wa Mrijo au Goima hana mwajiri wa kumpa likizo. Mwenye kumpa likizo ni mumewe. Likizo yake ni kusamehewa jembe na ndoo, kupatiwa uji, maji na chakula cha kutosha, na kulipiwa mahali pa kulala karibu na hospitali hadi mtoto aruhusiwe. Akitoka nifasi na Ramadhani ikamkuta, naye akahofia maziwa yake kupungua, sharia imempa ruhusa ya kufungua na kulipa baadaye. Mume asimtazame kwa jicho la lawama. Na kama fedha ni chache, tukumbuke kuwa akika ni sunna na inaweza kusubiri, bali matumizi ya mama ni wajibu na hayasubiri.

Misikiti nayo ina sehemu yake. Tunapendekeza kila jamaa ya msikiti katika wilaya yetu iwe na fungu dogo la nauli na chakula kwa mama aliyelazwa na njiti, na iwe na kinamama wawili au watatu wa kupokezana kumpelekea chakula na kuwaangalia watoto aliowaacha nyumbani. Maimamu walizungumze jambo hili katika hotuba za Ijumaa, kwa sababu wanaoamua safari na fedha ni wanaume, nao ndio wanaojaza safu za mbele. Sadaka tunayoitoa mtoto akishafariki, ya sanda na ya chai ya matanga, na itangulie kidogo, imfikie mama yake angali anakamua.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu waliowahi kuja duniani, na atuwezeshe kuitekeleza haki yao. Amin.

Wabillahi tawfiq.