Ngozi Haizoei Kichocho

Tulikuwa msibani Nkome, chini ya turubai, siku ya pili baada ya kumzika binamu yangu. Alikuwa na miaka 38. Usiku alivua dagaa, mchana alishinda mwaloni akifua na kushona nyavu. Tumbo lilianza kujaa mwaka juzi, miguu ikakonda, akatapika damu mara mbili. Mara ya pili hakuamka. Karatasi ya hospitali niliisoma mwenyewe: ini limekuwa gumu, mishipa ya koo la chakula imepasuka, chanzo kichocho. Chini ya turubai, hata hivyo, watu walikuwa wameshagawana sababu zao. Hawa walisema karogwa, wale walisema pombe. Nilipotaja kichocho, mzee mmoja ninayemheshimu sana alinikatiza: "Mwalimu, hicho ni cha wageni. Sisi watu wa ziwa ngozi imekomaa. Mwili ushazoea." Watu wakatikisa vichwa kukubali, akiwemo kijana mkubwa wa marehemu.

Sikumjibu mzee pale, maana msiba si mahali pa kubishana. Najibu hapa.

Siidharau ngozi. Ya mtu mzima ukiitandaza inakaribia mita 2 za mraba. Tabaka lake la juu ni seli zilizokufa, zimebanana kama magamba, zinapukutika na kubadilishwa kila baada ya wiki 4 hivi. Jasho na mafuta yake huipa uchachu kidogo ambao bakteria wengi hawauwezi. Chini ya magamba hayo kuna seli za kinga zinazokesha kama sungusungu. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda kwenye tope kutwa nzima, akanawa, akala ugali wake bila kuugua. Mpaka hapo wazee wetu wako sahihi.

Lakini kichocho hakingoji jeraha. Kiluwiluwi chake hutoka kwenye konokono mdogo wa majini jua linapokuwa kali, kwa hiyo saa sita mchana, saa ambayo watoto wetu wanaoga na kina mama wanafua, ndiyo saa mbaya kuliko zote. Ni kidogo mno, kina mkia wenye panda. Kikigusa ngozi nzima, isiyo na hata mkwaruzo, kinamwaga majimaji yanayoyeyusha protini za ngozi, kinaacha mkia nje, na baada ya dakika chache kimeingia. Sugu za viganjani ulizopata kwa kupiga kasia hazikusaidii, kwa sababu kinaweza kupita kwenye muundi, pajani au kiunoni.

Kikishaingia kinasafiri na damu, kinapita mapafuni, kinafika kwenye mishipa ya ini, kinakua na kupata mwenzi. Jike huishi limekumbatiwa ndani ya mwili wa dume, na lile la kichocho cha tumbo, ambacho ndicho cha ziwani kwetu, hutaga mayai yanayofikia 300 kwa siku. Mengine hutoka na choo, mengine hunasa kwenye ini. Minyoo hiyo inaweza kuishi miaka 5, miaka 10, wakati mwingine hata 30. Askari wa mwili hawaioni, kwa kuwa mnyoo hujivika protini za damu ya mtu anayemla. Wanachokiona ni mayai. Wanalizingira kila yai, wanalijengea kovu, na kovu juu ya kovu ini linakuwa jiwe. Damu inakosa njia, mishipa ya koo inavimba, siku moja inapasuka. Mwili wa binamu yangu uliumizwa na ulinzi wake wenyewe, ule ule ambao mzee anausifu.

Najua kauli ya kuzoea imetoka wapi. Wageni wanaopitia Nkome kwenda hifadhi ya Rubondo huonywa wasioge ziwani. Mgeni asiyesikia huenda akatoka na vipele vinavyowasha, na baada ya wiki chache akashikwa na homa na kikohozi. Mtu wetu anamwona, anacheka: ngozi laini hiyo! Yeye kaoga pale pale wala hakujikuna. Ndugu yangu, mgeni anaumwa kwa kuwa mwili wake umekutana na kichocho kwa mara ya kwanza na umepiga yowe. Wako ulikutana nacho ukiwa mtoto na umeshaacha kupiga yowe. Kutowashwa si kinga. Mbwa aliyeacha kubweka hajamfukuza mwizi, na mwizi wako yuko ndani anataga.

Kuna hoja nyingine ninayoletewa kila nikizungumza, na inanichosha: "Babu yangu kaoga ziwani miaka 80 na yuko hai." Vizuri, Mungu amzidishie. Lakini umemwuliza babu huyo wako wapi aliokuwa akioga nao? Aliyekufa na miaka 38 hawezi kuja barazani kutoa ushahidi. Ukihesabu waliobaki peke yao, hata mamba wataonekana hawali watu. Ni kweli kwamba mtu mzima hujenga kinga kidogo, polepole, baada ya miaka mingi ya kuwabeba minyoo hao, ila hiyo miaka mingi ndiyo inayomaliza ini.

Nimelelewa upande wa Shinyanga, kwenye majaruba ya mpunga na malambo ya ng'ombe, ambako kichocho ni kile cha mkojo. Mvulana aliyekojoa damu tulimwambia amekua. Tulishangilia kibofu kinachooza! Nilikuwa miongoni mwa walioshangilia na naona aibu hadi leo. Kule damu ilionekana ikaitwa ukubwa, huku haionekani ikaitwa uzoefu.

Na neno hili "nimezoea" halikuishia ziwani. Nenda kwenye machimbo ya Geita umwone kijana anakoroga zebaki kwa mkono mtupu, kisha anaichoma jikoni nyumbani, watoto wake wamekaa pembeni. Mwonye, atakujibu amefanya hivyo miaka 15 na mwili umezoea. Mvuke wa zebaki hauna harufu, hauwashi, na ubongo hauuzoei kamwe. Halafu dada zetu wananunua mkorogo, baadhi yake una zebaki hiyo hiyo, wanaichubua ngozi ambayo kaka zao wanaapa kwamba ni ngao.

Dawa ipo, prazikwanteli, na inafanya kazi. Inaua minyoo iliyomo, haizuii mingine kuingia kesho. Kwa miaka mingi imegawiwa hasa kwa watoto shuleni. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2022 kwamba pale ugonjwa ulipoenea watu wazima nao wapewe, pamoja na watoto kuanzia miaka 2. Basi mvuvi, mwanika dagaa na mama anayefua wafikiwe pale pale mwaloni. Ushuru wa samaki unawafikia kila asubuhi bila kukosa! Na mialo mingi niliyopita ina mkusanya ushuru, haina choo, wakati kinyesi kikifika majini ndipo mayai yanapoanguliwa na kumtafuta konokono.

Maji ya kuoga yatekwe, yakae kwenye ndoo yenye kifuniko siku 2, maana viluwiluwi hivyo visipopata mtu hufa. Au yachemshwe. Mvuvi hawezi kuyakwepa maji, najua, kwa hiyo yeye apimwe. Kipimo ni choo kidogo kwenye kikopo.

Kijana mkubwa wa marehemu ana miaka 16. Wiki moja baada ya mazishi alirudi mwaloni na nyavu za baba yake, akasimama pale pale, maji yakimfika kiunoni. Shemeji, nakuomba mpeleke mtoto akapimwe wiki hii.