Hakuna Mtu Mtaani Ananunua Hesabu

Ukimaliza KCSE unapewa karibu miezi tisa ya kukaa nyumbani ukingoja chuo. Miezi tisa, wasee! Na kama ulipita hesabu, kila mtu ana ushauri ule ule: fundisha watoto wa majirani, ama peleka barua kwa benki. Mimi nilijaribu zote. Kwa ploti yetu pekee tulikuwa walimu wanne wa tuisheni, tukishushiana bei hadi shilingi 50 kwa saa. Barua zangu nazo ziliishia kwa mlinzi wa geti.

Sasa acha niseme kitu ambacho wengine hawatapenda. Kazi za hesabu ziko, ni vile tunauza kitu ambacho hakuna mtu anataka. Mtaani watu hawanunui hesabu. Wananunua kujua pesa yao inapotelea wapi.

Niliona hivyo kwa kibanda cha chapati. Mama anayetuuzia alikuwa analalamika kila jioni kwamba wateja wako lakini haoni faida. Nikamwomba, "Mama, nikae hapa siku tatu niandike tu?" Akacheka, akanisukumia stuli.

Alikuwa anapika pakiti tatu za unga wa kilo mbili kila siku. Siku ya kwanza zikatoka chapati 66. Siku ya pili, unga ni ule ule, 75. Siku ya tatu 69. Kila moja ni shilingi 20. Ukichukua wastani ni 70, kumaanisha alikuwa anapoteza chapati tano kwa siku kwa sababu tu madonge mengine yalikuwa makubwa kuliko mengine. Hiyo ni mia kwa siku, mia sita kwa wiki ya siku sita. Tukaazima mizani kwa mwenye bucha: donge gramu 130, basi. Hakuna aljebra hapo, ni kugawanya ya darasa la nne.

Tena tukafungua daftari la deni, maana vijana wa mjengo walikuwa wanakula nne wakikumbuka mbili. (Wawili bado hawanisalimii.)

Lakini hapa kwa malipo ndipo wengi wetu tunaumia. Mwezi mmoja kabla ya hiyo chapati, duka fulani la vifaa vya ujenzi lilinihesabisha stoki wiki mbili nzima, mabati, misumari, hadi mifuko ya saruji iliyoganda, halafu nikaambiwa nishukuru nimepata ujuzi. Nilitembea kurudi nyumbani sina hata nauli. Kwa hivyo na mama tuliongea mapema: mia tatu kila Jumamosi. Yaani nusu ya ile pesa tuliyookoa, na nusu inabaki yake. Akiwa na hiyo namba mbele yake, hakubishana. Mtu akikataa kutaja pesa siku ya kwanza, chukua kalamu yako uende.

Yeye ndiye alinipeleka kwa chama chao. Kina mama kumi na wawili, vitabu vitatu, na hakuna hata kimoja kilikuwa kinakubaliana na kingine. Hiyo ilinichukua Jumapili nne, na ndiyo ilinunua godoro na ndoo za kuendea chuo.

Anko yangu alikuwa anaona aibu. "Umesoma miaka yote hiyo uje kuhesabu chapati?" Alisema hivyo mbele ya wageni, na sitadanganya, iliniuma.

Wiki iliyopita akanipigia usiku. Alikuwa amekopa pesa ya bodaboda, analipa kila siku, na hajui imebaki ngapi. Akatuma picha ya mkataba, akauliza kama niko na dakika mbili.

Niko nazo, anko. Bei ni mia tano.