Ukimya wa Mzee na Kinasa Sauti

Waandishi wengi wanaozungumzia Waswahili wa Maskati huanzia kwenye nafsi na kuishia humo humo. Mtu yuleyule anazungumza Kiarabu ofisini Ruwi, Kiingereza na wahandisi wa mafuta, Kiswahili akimpigia mama yake simu. Basi huambiwa ana mgogoro wa utambulisho. Akinyamaza anapoulizwa juu ya Januari 1964, ana kiwewe. Akifurahia mandazi, anaugua hamu ya Unguja. Kila tendo limekwisha kupewa jina la maradhi kabla mtendaji hajaulizwa alikuwa akifanya nini.

Saikolojia yenyewe inaijua kasoro hii. Mwaka 1967 Edward Jones na Victor Harris waliwapa watu insha za kumtetea au kumpinga Fidel Castro. Hata wasomaji walipoelezwa kwamba mwandishi alipangiwa upande wa kuutetea, bado walielekea kudhani kuwa anaamini alichokiandika. Miaka 10 baadaye Lee Ross aliliita hilo kosa la msingi: twamwona mtendaji, hatuoni kilichomzunguka. Ajabu ni kwamba wanaolifundisha kosa hilo darasani huwa wa kwanza kulitenda wakishashuka kwenye ndege.

Na kilichowazunguka watu hawa hakikuwa kidogo. Wengi waliokimbia Unguja hawakufunguliwa mlango na Sultani Said bin Taimur; walingojea Dubai, Kuwait na Kairo. Qaboos aliposhika madaraka tarehe 23 Julai 1970 na kuwaita Waomani walio nje, nchi ilikuwa na shule tatu tu za kisasa, ilhali mafuta yalikuwa yakisafirishwa tangu 1967. Aliyesomea Unguja kwa Kiingereza alipata kazi upesi. Majirani wakasema Wazinjibari wana kiburi na wanabebana. Wazinjibari nao, bila haya, wakasema waliobaki Oman ni wazito wa akili. Pande zote mbili zilikuwa zikisoma idadi ya shule na kuiita tabia.

Na ule ukimya? Mzee akiwekewa kinasa sauti mezani na mgeni asiyeweza kutofautisha Malindi na Ng'ambo, atasema machache, tena kwa adabu. Ana jamaa Unguja hadi leo, wengine wameoana na upande wa pili, na neno likisharekodiwa halirudi. Mngojee baada ya sala ya isha, kahawa inapozunguka baina ya wenzake: atausimulia mji mtaa kwa mtaa, maiti kwa maiti. Hapana shaka wapo walioumia mpaka leo, wasiolala usiku. Hao ndio wanaodhulumiwa neno kiwewe linapogawiwa kila aliyekataa mahojiano.

Mjukuu aliyezaliwa Maskati huzikuta maandishi hayo chuoni, maana ndiyo aliyoagizwa kusoma. Humo hujifunza kwamba Kiswahili cha bibi yake ni dalili ya jambo fulani. Siku anapompeleka hospitali, bibi akashusha sauti kumwomba maji, mjukuu hudhani bibi anaionea haya lugha yake. Hamtazami yule aliyeketi kiti cha pili, aliyekwishageuka kuona ni nani anayezungumza hivyo.