Mfanyabiashara akiingia siasa, tumtazame daftari

Wiki hii tuweke kando kidogo bei za pamba na sukari, tumtazame mtu aliyefanya biashara ya bidhaa hizo mbili na pia akaingia siasa. Jina lake tunalitaja kila tunaposimamisha bajaji, ingawa wengi wetu hatumjui mwenyewe.

Jamnalal Bajaj alizaliwa mwaka 1889 huko Sikar, India. Akiwa mtoto alichukuliwa na tajiri mmoja wa mji wa Wardha, akalelewa kama mjukuu, na hatimaye akarithi biashara ya pamba. Serikali ya Kiingereza ilimtunukia cheo cha Rai Bahadur, na kwa mfanyabiashara wa enzi hizo cheo kama hicho kilikuwa mtaji. Mwaka 1921 alikirudisha, akamfuata Gandhi.

Tangu hapo gharama ziliongezeka. Mwaka 1923 alifungwa jela kwa kuongoza harakati za bendera mjini Nagpur. Mwaka 1928 alifungua hekalu la familia yake kwa watu waliobaguliwa kwa tabaka, jambo lililowaudhi wakubwa wa dini.

Wapo watakaosema kwamba kususia nguo za Uingereza kuliwanufaisha matajiri wa Kihindi. Ni kweli, wenye viwanda vya nguo walipata soko. Lakini Bajaj alihimiza khadi, nguo ya kusokotwa na kufumwa kwa mkono, ambayo haikumwongezea mwenye kiwanda hata senti. Wala hakufunga duka: mwaka 1931 alianzisha kampuni ya sukari. Biashara iliendelea, na faida yake ikasaidia harakati.

Kwa miaka mingi alikuwa mweka hazina wa chama cha Congress. Hapo ndipo penye somo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mfanyabiashara aliyeingia siasa, swali ni moja tu: fedha inatoka dukani kwenda kwenye siasa, au inatoka kwenye siasa kwenda dukani?

Bajaj alifariki Februari 1942, kabla India haijapata uhuru. Kampuni iliyokuja kutengeneza bajaji ilianza mwaka 1945, chini ya warithi wake.

Kwa hiyo, msomaji, tajiri akija kuomba kura, usimuulize ataleta nini tu. Muulize pia siasa imemgharimu nini. Akikosa jibu, ujue yuko sokoni bado.